Mzee Gandhi na miguu yake: sababu ya kuzoeza mwili hadi uzee

Mahatma Gandhi anajulikana duniani pote kama mzee mwembamba wa India aliyepigania uhuru wa inchi yake bila bunduki. Lakini kuna jambo moja juu yake ambalo watu hawalisemi sana: alikuwa mtembeaji. Tangu akiwa mwanafunzi hadi siku aliyouawa, na miaka 78, hakuacha kuzoeza mwili wake. Katika makala hii tunafuata maisha yake kwa njia hiyo, juu ya fundisho linalopatikana ndani kwa sisi wakaaji wa mashariki mwa Kongo.

Kama unaishi Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, umekwisha kuwaona. Siku ya Mungu asubuhi mapema, kabla ya misa, kikundi cha vijana kinapita barabarani wakikimbia na kuimba, jasho linatoka, mmoja anapiga filimbi mbele. Wakubwa wanasimama mlangoni na kuwatazama. Wengine wanacheka. Katika mawazo ya watu wengi kwetu, mazoezi ni mambo ya vijana, ya askari na ya wachezaji wa mpira.

Mtu akisha kuoa, akapata kazi ya biro ao duka, akapata na pesa ya kulipa moto, anaacha kutembea. Hata fasi ya dakika kumi anaita motari. Kitambi kikianza kutoka, majirani wanamsifu kwamba maisha yamemkubali. Miaka inapita. Siku moja anaanguka, anapelekwa hospitali, na pale anasikia kwa mara ya kwanza kwamba ana tansio ao ugonjwa wa sukari.

Basi tumwangalie huyu mzee wa India ambaye hakuwa na kifua kipana wala mikono minene. Mwaka wa 1939 uzito wake ulikuwa kilo 46 na kidogo. Ukimwona kwenye picha unaweza kufikiri upepo utamwangusha. Kumbe mwili ule ulibeba kazi ambayo vijana wengi wangeishindwa.

Mtoto aliyekimbia mazoezi

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 10, mwaka wa 1869, katika mji wa Porbandar, upande wa magharibi ya India. Baba yake alikuwa waziri wa mtawala wa pale. Familia haikuwa maskini, lakini mtoto mwenyewe alikuwa mwenye haya na mwoga. Masomo yakiisha alikuwa anakimbia moja kwa moja nyumbani ili mtu asimzungumzishe.

Katika shule ya mji wa Rajkot, prefe alilazimisha wanafunzi wa madarasa ya juu kufanya mazoezi ya mwili na kucheza kriketi. Gandhi hakupenda hata kidogo. Alifikiri mazoezi hayana uhusiano na masomo. Tena baba yake alikuwa mgonjwa, na yeye alitaka kurudi mapema ili kumhudumia.

Siku moja mawingu yalimdanganya. Hakuwa na saa, akachelewa, akafika uwanjani wenzake wamekwisha kwenda. Alipoeleza sababu, prefe hakumwamini, akamlipisha amanda. Kijana alilia. Hakulilia ile pesa, alilia juu ya kuitwa mwongo. Mwishoni baba yake aliandika barua, akaondolewa kwenye mazoezi.

Alipokuwa mkubwa alikubali kwamba mawazo yake ya wakati ule yalikuwa makosa, na kwamba shule inapaswa kuzoeza mwili sawa vile inavyozoeza akili. Lakini hata pale Rajkot kulikuwa na kitu kimoja kilichomwokoa. Alikuwa amesoma katika vitabu kwamba kutembea mwendo mrefu kwenye hewa safi kunaleta afya. Akajaribu, akapenda, akaendelea. Hakuhitaji uwanja wala mpira. Alihitaji miguu tu, na barabara.

Hapa kuna jambo la kwanza la kushika. Gandhi hakuzaliwa na nguvu, na michezo ya shule ilimshinda. Alichagua zoezi moja dogo analoliweza na akalifanya kwa maisha yote. Wale wanaosema kwamba hawakuumbwa kwa spoti, wamkumbuke huyu.

London: miguu badala ya nauli

Mwaka wa 1888 alisafiri kwenda London kusomea sheria. Hakuwa bado ametimiza miaka 19. Mwanzoni alitaka kufanana na Waingereza: akanunua suti za bei kali, akajiandikisha kujifunza kucheza dansi, akanunua na fidla. Pesa ya familia ikaanza kuisha. Akakaa chini, akaandika kila senti anayotoa, na akaona kwamba nauli ya magari inamla.

Basi akabadilisha nyumba. Akatafuta chumba fasi ambayo ataweza kufika kwenye shuguli zake kwa kutembea nusu saa hivi. Kutoka pale, kila siku alitembea kilometa kati ya 13 na 16. Yeye mwenyewe aliona baadaye kwamba ni mwendo ule uliomlinda na magonjwa muda wote aliokaa Uingereza, inchi ya baridi na moshi, na ukamwachia mwili wenye nguvu ya kutosha. Mwaka wa 1891 akawa avoka, akarudi nyumbani.

Angalia vizuri: alianza kutembea kila siku ili kupunguza matumizi. Afya ilikuja kama faida ya juu. Kwetu, mfanyakazi ao mwanafunzi anayelipa moto mara mbili ao mara ine kwa siku angefanya hesabu hii hii, na angeshangaa mwisho wa mwezi.

Afrika ya Kusini: mwili unaitwa kazini

Mwaka wa 1893 Gandhi alifika Afrika ya Kusini kwa kazi ya uavoka. Alikuwa na miaka 23. Siku chache baada ya kufika alitupwa inje ya treni pale Pietermaritzburg, usiku wa baridi, kwa sababu mtu wa rangi hakuruhusiwa kukaa kwenye klasi ya kwanza. Alifikiri atakaa mwaka mmoja. Alikaa miaka karibu 21, na ni pale mwili wake uliitwa kazini mara ya kwanza.

Vita ya Waingereza na Makaburu ilipoanza mwaka wa 1899, aliunda kikundi cha Wahindi wapatao 1,100 cha kubeba majeruhi. Sisi watu wa milima ya Kivu na Ituri tunajua kipoyi ni nini. Tumebeba wamama wajawazito na wagonjwa mabegani, kushuka na kupanda, kutafuta kituo cha afya. Kazi ya Gandhi ilikuwa hiyo. Siku nyingine walibeba majeruhi kwenye machela mwendo wa kilometa 32 hadi 40. Katika mapigano ya Spion Kop, mwanzoni mwa mwaka wa 1900, walikuwa pale.

Mwaka wa 1906 Wazulu walipoasi juu ya kodi, Gandhi alirudi tena na kikundi kidogo cha watu zaidi kidogo ya 20. Alijiunga upande wa Waingereza, lakini kwa sehemu kubwa wagonjwa waliopewa walikuwa Wazulu waliochapwa fimbo na kuumizwa, ambao wauguzi wazungu walikataa kuwagusa. Kuna siku walitembea karibu kilometa 60. Alichokiona kule kilimwonyesha kwamba ile haikuwa vita, ilikuwa kuwinda watu.

Kwa haki ya historia, sherti tuseme na hili. Katika miaka yake ya kwanza Afrika ya Kusini, Gandhi aliandika maneno ya kudharau watu weusi. Wapo Waafrika ambao hawajasahau, na mwaka wa 2018 sanamu yake iliondolewa kwenye chuo kikuu cha Ghana. Hatumwandiki hapa kama malaika. Tunachochukua kwake leo ni namna alivyotunza mwili wake na kazi aliyoufanyisha.

Shamba la Tolstoy

Mwaka wa 1910 rafiki yake Hermann Kallenbach, arshitekti mwenye asili ya Ujerumani, alitoa shamba kubwa karibu na Johannesburg. Wakaliita shamba la Tolstoy, kwa jina la mwandishi wa Urusi. Pale waliishi jamaa za Wahindi waliokuwa wanafungwa kwa kukataa sheria za ubaguzi. Hapakuwa na mtumishi. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alichota maji, alilima, alipasua kuni, alisaga unga kwa mashine ya mkono. Gandhi, avoka aliyesoma London, alijifunza kushona sandali.

Kutoka shambani hadi Johannesburg ni kilometa kama 34. Sheria ilikuwa kwamba mtu anayeenda mjini kwa mambo yake binafsi atembee, na abebe chakula chake cha nyumbani: mkate wa unga waliosaga wenyewe na siagi ya karanga. Waliamka saa nane ya usiku na kuanza safari kabla ya saa tisa. Wengi walifika kwa masaa 6 ao 7. Aliyekuwa mwepesi kupita wote alitumia masaa 4 na dakika 18. Walifanya hivyo ili kuhifadhi pesa ya kulisha familia za wafungwa, lakini Gandhi aliona pia kwamba miili ya watoto na vijana wa pale ilizidi kukaza, na magonjwa hayakuwa mengi.

Miili ile haikukaa bure. Tarehe 6 mwezi wa 11, mwaka wa 1913, Gandhi aliongoza wanaume 2,037, wanawake 127 na watoto 57 kuvuka mpaka wa jimbo la Transvaal, kitu ambacho sheria iliwakataza. Wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi ya makaa waliogoma kwa sababu ya kodi ya pauni tatu iliyowaponda. Chakula kilikuwa mkate na sukari kidogo. Gandhi alikuwa na miaka 44. Katika siku ine alikamatwa mara tatu, na watu waliendelea kutembea. Mwaka uliofuata kodi ile ilifutwa.

Siku aliyojiumiza mwenyewe

Gandhi alirudi India mwaka wa 1915. Na hapa kuna ukurasa ambao wapenzi wa mazoezi wanapaswa kuusoma vizuri.

Mwaka wa 1918, akiwa na miaka 48, alizunguka vijijini katika wilaya ya Kheda. Siku nyingine alitembea kilometa zaidi ya 30, huku akila karibu karanga iliyopondwa na malimau tu. Alikuwa ameapa hatakunywa maziwa. Mwili ukachoka, tumbo la kuhara damu likamshika, na kwa kuwa alikataa dawa, akaanguka kabisa. Yeye mwenyewe alifikiri anakufa. Daktari alimwambia bila maziwa hataweza kujenga upya mwili wake. Mke wake Kasturba akamkumbusha kwamba kiapo chake kilikuwa juu ya maziwa ya ngombe, hakikugusa ya mbuzi. Akakubali maziwa ya mbuzi, na nguvu zikarudi pole pole.

Kutembea kilometa nyingi bila chakula cha kutosha ni kujibomoa. Mazoezi yanajenga pale mwili unapopata cha kujengea: maharagwe, sombe, samaki, maziwa, mayai, na usingizi. Gandhi alijifunza hilo kwa maumivu. Tangu pale maziwa ya mbuzi yalikuwa kwenye chakula chake hadi mwisho, na katika safari zake za baadaye alijua kuweka siku ya kupumzika.

Kuna na jambo lingine. Pamoja na kutembea kote kule, alipofika uzee, madaktari walikuta tansio yake iko juu sana. Mazoezi yanapunguza hatari, hayaiondoi yote. Mwembamba anaweza kuwa na tansio. Mwenye kutembea anaweza kuwa nayo. Ndiyo sababu kupima ni kwa kila mtu, hata kama unajisikia mzima.

Kilometa 385 kwa ajili ya chumvi

Twende sasa mwaka wa 1930. Waingereza walikuwa wamekataza watu wa India kutengeneza ao kuokota chumvi bila kulipa kodi, hata wale waliokaa pembeni ya bahari. Kodi ile ilimgusa maskini kupita tajiri, kwa sababu kila mtu anakula chumvi. Gandhi akaamua kuvunja sheria hiyo mbele ya macho ya dunia yote. Angeweza kupanda treni. Alichagua kutembea.

Tarehe 12 mwezi wa 3, asubuhi, alitoka kwenye makao yake ya Sabarmati, karibu na mji wa Ahmedabad, pamoja na wenzake 78. Alikuwa na miaka 60. Wengi wa wale waliomfuata walikuwa vijana ambao angeweza kuwazaa. Alishika fimbo ya mianzi na akatangulia kwa mwendo wa haraka. Waliandaa farasi nyuma yake, ikiwa mzee atachoka. Hakumpanda.

Walitembea asubuhi na jioni, ili kukwepa jua la saa sita. Kila siku walifanya kilometa kama 16 hadi 19. Siku ya kwanza ya juma walipumzika. Katika kila kijiji Gandhi aliongea na watu, kisha alisokota uzi, aliandika barua, alilala kidogo, wakaendelea. Wenzake wengine walivimba miguu, wengine waliugua njiani na kubebwa na magari ya ngombe. Mzee aliendelea. Siku ya 24 ya safari walifika Dandi, pembeni ya bahari, baada ya kilometa kama 385. Kesho yake, tarehe 6 mwezi wa 4, aliinama, akaokota tope lenye chumvi. India yote ikasimama. Watu zaidi ya 60,000 walifungwa mwaka ule, na yeye mwenyewe alikuwa kati yao.

Tujiulize swali moja. Kama mwaka wa 1930 Gandhi angekuwa mzee wa kitambi, anayehema akipanda ngazi, je, safari ile ingewezekana? Wazo lingekuwepo. Ujasiri ungekuwepo. Lakini mwili ungekataa. Safari ya siku 24 ilitayarishwa kwa miaka 40 na zaidi, tangu barabara za London na njia za Johannesburg.

Huwezi kujua siku gani maisha yatakuita. Ile siku ikifika, hutapata muda wa kuanza mazoezi.

Noakhali: mzee peku kati ya vijiji vilivyoungua

Sehemu hii ya maisha yake, sisi wa mashariki tunaweza kuielewa kupita watu wengi.

Mwishoni mwa mwaka wa 1946, India ikiwa karibu na uhuru, Wahindu na Waislamu walianza kuuana. Katika eneo la Noakhali, ambalo leo liko ndani ya Bangladesh, nyumba zilichomwa, watu waliuawa, wengine walikimbia. Jirani hakumwamini tena jirani. Gandhi, na miaka 77, alienda kule. Wakubwa wa siasa walikuwa Delhi wakijadili vyeo na mipaka.

Noakhali ni inchi ya maji. Kati ya kijiji na kijiji kuna mito na mifereji, na madaraja yake ni mianzi miwili mitatu iliyofungwa pamoja, yenye kuteleza. Gandhi alijizoeza kuyavuka, sawa vile mtoto anavyojifunza kutembea, hadi aliweza. Kuanzia mwanzo wa mwaka wa 1947 alipita vijiji 47, kilometa zaidi ya 180, peku, bila viatu, kwa sababu aliona anatembea kwenye inchi yenye msiba. Wenye kumchukia walitupa miiba na uchafu kwenye njia. Aliufagia, akapita. Kila jioni alilala kwa mtu aliyekubali kumpokea, akasikiliza habari za waliofiwa, asubuhi akaondoka tena.

Hakumaliza chuki yote ya India. Mwaka ule ule inchi iligawanyika na damu nyingi ikamwagika. Lakini pale alipopita, watu waliona mzee wa miaka 77 amekuja hadi mlangoni kwao kwa miguu yake, na wengine walipata nguvu ya kurudi makwao. Gari halingefika kule. Mzee asiyeweza kutembea hangefika pia.

Tarehe 30 mwezi wa 1, mwaka wa 1948, jioni, pale Delhi, alikuwa amechelewa dakika chache kwenda kwenye sala. Aliharakisha mwendo bustanini, mikono yake juu ya mabega ya wasichana wawili wa jamaa yake. Kijana mmoja mwenye siasa kali, Mhindu kama yeye, alimpiga risasi tatu. Alikufa akiwa njiani, akitembea. Watafiti wa India walikadiria mwaka wa 2019 kwamba katika miaka karibu 40 ya mapambano yake alitembea kama kilometa 18 kila siku.

Na sisi?

Kuna wasomaji watakaosema: sisi watu wa Kongo tunatembea sana, tunalima, tunabeba, tunakimbia vita, mazoezi gani tena? Ni kweli. Mama anayepanda kilima na gunia la makala mgongoni hahitaji kuambiwa akimbie siku ya Mungu. Yeye anahitaji mzigo upunguzwe, chakula kiongezwe, na bwana yake amsaidie kubeba. Gandhi mwenyewe alitaka kazi za mikono zigawanywe kati ya wote, wanaume na wanawake, wasomi na wasiosoma.

Makala hii inamlenga zaidi yule wa mjini anayekaa kwenye kiti toka asubuhi hadi jioni: mwalimu, mfanyabiashara, mtu wa biro, motari mwenyewe anayeshinda kwenye kiti cha moto, na sisi waandishi wa habari pia.

Madaktari leo wanaeleza jambo ambalo Gandhi alilijua kwa mwili wake. Nyama ya mwili isipotumika, inapungua miaka ikiongezeka. Ni ile nyama ya miguu na mikono inayochoma sukari tunayokula. Ikipungua, sukari inabaki kwenye damu. Moyo nao ni nyama: usipozoezwa, unachoka haraka. Mifupa inakaza kwa sababu ya kubeba uzito na kutembea. Mzee asiyetumia miguu anapoteza usawa, anaanguka, anavunjika nyonga, na mara nyingi hasimami tena. Hata usingizi na mawazo mazito vinapata nafuu mtu akitembea.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mkubwa apate angalau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya kadiri. Ni dakika 30 kwa siku, siku tano, kutembea kwa haraka hadi upumue kwa nguvu lakini uweze bado kuongea. Wazee wanaongezewa mazoezi ya nguvu na ya usawa: kusimama kwa mguu mmoja ukishika ukuta, kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono.

Tunajua hali ya usalama. Kuna mitaa ambako kutoka saa kumi na moja ya asubuhi ni hatari, na hatumtumi mtu kule. Lakini hata gerezani Gandhi alizunguka uwanja wa jela asubuhi na jioni. Parseli yako inatosha. Kupanda na kushuka ngazi kunatosha. Shuka kwenye moto kabla ya kufika na umalizie kwa miguu. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye tansio ya juu, na yule ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka mingi, waone muganga kwanza, kisha waanze pole pole.

Hatuombi mtu awe Gandhi. Lakini kila mmoja wetu ana safari yake inayomngojea mbele: kubeba mgonjwa kwenye kipoyi, kukimbia na watoto usiku, kurudi kujenga kijiji, ao tu kufika kwenye arusi ya mjukuu kwa miguu yake mwenyewe. Kwa siku ile, mwili unatayarishwa leo.

Siku ya Mungu ijayo, vijana wakipita wakiimba, usiwacheke. Funga kamba za viatu, uwafuate nyuma, hata kama ni hadi kwenye kona tu.